Taa ya Kijani ya Kagunga

Buzebazeba, Kigoma
22 Novemba 2015

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu wewe na Mama, nikiomba mguu wake uwe umepungua uvimbe tangu Benedict aliponiarifu kwamba amempeleka hospitali. Huku mvua zimeanza, ziwa limechafuka na dagaa wamekuwa adimu. Mimi kimwili ni mzima. Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtoto anayefanya kazi ya kompyuta, tena tunazungumza kwa simu kila Jumapili. Nimejaribu mara tatu kulisema jambo hili kwenye simu. Kila nikisikia sauti yako ikiniuliza nimekula nini, najibu wali na mgebuka, samaki wa huku, kisha naaga.

Nianze na kazi yenyewe, maana Mama aliniambia huwa unawaeleza watu kanisani kwamba natengeneza kompyuta za wakimbizi. Si hivyo hasa. Kompyuta yoyote, hata ile ndogo inayoenea kiganjani, ina kiini kinachotawala kila kitu ndani yake. Kiini hicho hakina macho. Ukikiunganisha na kipimajoto, pampu au taa, hakijui kama kuna kitu mpaka mtu akiandikie: kwenye waya namba fulani kuna kifaa fulani, kikinyamaza maana yake hii, kikiita maana yake ile. Mimi ndiye mwandishi wa maelezo hayo. Naandika pia waraka unaoyafafanua, ili mtu mwingine popote duniani mwenye kifaa kama hicho asikosee. Waraka ukiisha unatumwa kwa watu wanaokitunza kiini. Wapo nchi mbalimbali, sijaonana na hata mmoja. Wanausoma mstari kwa mstari, wanauliza maswali mbele ya kila mtu, na maswali yao pamoja na majibu yako yanabaki mtandaoni miaka yote. Kiini chenyewe hakiulizi. Kinaamini kilichoandikwa.

Mwezi wa tano Warundi walipovuka kwa wingi, walifikia Kagunga. Ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, gari haifiki. Maelfu ya watu walilala ufukweni juu ya changarawe wakisubiri zamu ya kupanda meli ya Liemba kuja Kigoma mjini. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia. Shirika letu likapeleka tangi la maji na mashine yetu ya majaribio, pampu ndogo ya kutia klorini kwenye maji, yenye kiboksi cha taa mbili. Kijani, dawa ipo. Nyekundu, dawa imeisha, funga bomba.

Tulikwenda kwa boti mimi na Nikodemu, fundi bomba wetu, Muha wa Rusimbi. Msimamizi wa tangi tulimpata palepale ufukweni. Aliitwa Gervasi, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Makamba, aliyevuka na mkewe Eufrasia na binti yao Rozalia wa miaka mitano. Nilipomfundisha kazi aliniuliza kama anaweza kufunua dumu la dawa mara mojamoja kuhakikisha. Nikamkataza, kwa sababu mvuke wake unaunguza macho. Nikamwambia, "Mwalimu, wewe tazama taa tu. Taa haidanganyi." Akacheka, akasema huko alikotoka vitu visivyodanganya vimebaki vichache. Akaomba daftari. Kila saa, yeye na mwenzake wa zamu, waliandika muda na rangi ya taa, na mwandiko wa Gervasi ulikuwa mzuri kama wa ubaoni.

Siku ya tisa, Alhamisi, Nikodemu alipita kuongeza dawa, akakuta dumu ni kavu kabisa. Kwa hofu akafunga bomba, akazima mashine, akatia klorini kwa mkono. Hakumbuki kama aliitazama taa. Walipokokotoa waliona dawa ilikuwa imeisha tangu Jumanne. Mpimaji wa maji, ambaye ilimpasa kupita kila asubuhi, alikuwa amehamishiwa kwenye mahema ya wagonjwa. Kwa hiyo siku mbili watu walikuwa wakichota maji ya ziwa yalivyo, huku wakiamini yametiwa dawa. Upande ule wa ufukwe wagonjwa waliongezeka. Rozalia alikuwa mmoja wao. Alifariki Alhamisi saa nne asubuhi, na saa sita walikuwa wameshamzika, kwa sababu ya ugonjwa hakuna aliyeruhusiwa kumwosha.

Mimi nilifika Ijumaa na mkuu wetu. Tukakaa kikao pale kando ya tangi. Gervasi, mtu aliyezika jana yake, alilileta daftari mwenyewe kwa mikono miwili. Kuanzia Jumanne mchana hadi Alhamisi lilikuwa limeandikwa kijani, kijani, kijani, ukurasa baada ya ukurasa. Mkuu akaligeuzageuza, akasema mwandiko ni nadhifu mno kwa mtu aliyekuwa akiandika saa baada ya saa kwenye vurugu ile. Alimaanisha kwamba wamekaa wakajaza kurasa zote kwa mara moja. Kisha akaniuliza kama mashine ni nzima. Nikaijaribu mbele ya wote. Dumu tupu, taa nyekundu ikawaka. Nikasema ni nzima.

Gervasi aliitazama ile taa, akanitazama mimi, akauliza, "Mbona juzi haikuwaka?"

Akaondolewa kazini hapohapo, na ikaandikwa kwamba msimamizi alizembea. Eufrasia alikuwa amesimama nyuma yetu, kajifunga kanga kiunoni, anasikiliza. Anaelewa Kiswahili zaidi ya anavyokizungumza. Alimtazama mumewe kwa namna ambayo sijawahi kuona mtu akimtazama mtu.

Tangu siku hiyo, Baba, sina pa kuweka macho yangu. Sikujua duniani kuna taa za kijani nyingi hivi. Ipo kwenye chaja ya simu, kwenye friji ya Bi Semeni mwenye nyumba wangu, kwenye mitambo ya ofisini. Nimezibandika plasta zote ninazozifikia. Nikiletewa glasi ya maji nainusa kwanza. Mchana kweupe, nikiwapita akina mama waliopanga ndoo bombani pale Rusimbi, nasikia sauti ya mwanamume nyuma yangu ikitaja saa na rangi, polepole, kama anayeita mahudhurio darasani. Nikigeuka hakuna mtu. Mwezi wa nane niligeuka hivyo katikati ya barabara, pikipiki nusura inigonge. Bi Semeni akaniweka chini, akaniuliza kama nimechezewa na mashetani, akanisomea dua, akanikanda kichwa kwa mafuta. Ni mtu mwema sana. Nilimwambia ni uchovu. Akanijibu kwamba uchovu haumfanyi mtu kuogopa friji.

Sasa nakuja kwenye lile lililonishinda kwenye simu.

Ijumaa ile, kabla ya kikao, nilitangulia kuikagua mashine peke yangu wakati mkuu akiongea na viongozi wa kijiji. Nilifunua turubai nikafuata waya unaotoka kwenye dumu kwenda kwenye kiboksi. Ulikuwa umekatika. Watu walikuwa wameburuta madumu juu yake mpaka ukachanika matopeni. Kifaa chetu kiliita pale tu dawa ilipokwisha. Kikikaa kimya, kiini kilisoma kwamba dawa ipo, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokiandikia. Waya ukikatika kinakaa kimya pia. Taa ile ingebaki ya kijani hata mwaka mzima. Gervasi na mwenzake waliandika walichokiona. Nikachuna ncha mbili za ule waya kwa meno, nikazisokota, nikazungushia plasta nyeusi, nikafukia kwenye tope. Kisha nikaenda kikaoni nikasema mashine ni nzima, na wakati huo ilikuwa nzima kweli, maana nilikuwa nimetoka kuitengeneza.

Na hilo si lote. Mwezi wa tatu nilipoutuma ule waraka, mmoja wa watunzaji wa kiini aliniuliza swali moja: waya ukikatika, mtu atajuaje? Akashauri niandike onyo, na niwaambie mafundi wafunge kifaa cha aina ya kinyume, kinachonyamaza dawa ikiisha. Nilikuwa na haraka, nilitaka waraka upokelewe upesi. Nikajibu kwamba waya zetu ni imara. Swali lile na jibu langu vipo mpaka leo, na jina langu limeandikwa chini yake. Wewe, Baba, uliyetunza ishara za reli miaka ishirini na sita, usingehitaji kuulizwa. Ulinionyesha mwenyewe pale stesheni ya Same kwamba waya ukikatika mkono wa ishara unaanguka kwenye hatari, na treni inasimama. Nilikuwa na miaka saba na nilikuelewa.

Sitajua kamwe ni wangapi waliougua kwa maji ya tangi lile, na wangapi wangeugua hata hivyo. Ninamjua mmoja.

Jumamosi iliyopita nilipanda basi hadi Kasulu, nikafika kambi ya Nyarugusu nikiwa na lile daftari. Nilimkuta Gervasi akifundisha hesabu chini ya turubai. Alinisalimia kwa heshima, jambo lililonivunja zaidi ya matusi. Nilimweleza yote. Akaniomba nirudie kipande cha waya, nikarudia. Nilidhani atanipiga, au atalia. Akasema, "Mimi usiniambie. Mimi nilijua nilichokiona. Mwambie mama Rozalia. Tangu Kagunga hajanisemesha."

Miezi sita, Baba. Wanalala hema moja, anampikia, anampa sahani, hamsemeshi.

Eufrasia alikuwa akichambua maharage. Nilipiga magoti nikasema kwa Kiswahili chepesi, na nilipokwama Gervasi alitafsiri. Ilipofika mahali pa kusema kwamba mumewe hakulala, kwamba aliangalia kila saa, Gervasi aliacha kutafsiri. Nikachora chini kwa kidole: dumu, waya, taa. Nikaonyesha palipokatika. Eufrasia akaniuliza kama niliuunga waya kwa mikono hii. Nikasema ndiyo. Akaishika mikono yangu, akaigeuza, akaitazama juu na chini kwa muda mrefu, kisha akaiachia kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Akamgeukia mumewe akaanza kusema. Alisema kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu, bila kupumzika. Sikuelewa hata neno moja. Gervasi hakunitafsiria, na mimi sikuuliza. Nililiweka daftari kando ya ungo nikaondoka.

Jumatatu nilimkabidhi mkuu maelezo yangu kwa maandishi, na nikamwomba jina la Gervasi lisafishwe mbele ya watu walewale walioelezwa kwamba alizembea. Nimeitwa kikaoni wiki ijayo. Sijui wataamua nini. Yule aliyeniuliza swali nimemwandikia pia, mahali palepale pa wazi, nikaeleza kilichotokea. Hakuniandikia maneno mengi. Onyo limeshaongezwa kwenye waraka.

Krismasi nilikuwa nimepanga kuja. Kama utaona ni vyema nisije kwanza, mwambie Benedict anitumie ujumbe. Nitaelewa, na sitakulaumu. Na huko kanisani wakikuuliza habari zangu, waambie ukweli huu, au nyamaza, lakini usiwaambie tena kwamba nawasaidia wakimbizi.

Msalimie Mama, umsomee barua hii taratibu, asiisome peke yake. Msalimie Benedict na wote nyumbani. Bi Semeni anawasalimu ingawa hamjaonana naye.

Ni mimi mwanao,
Elinipa