Korongo Wameingia Fainali, Nami Nimeambiwa Nikae Bafuni

Shangazi Ok-bun mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana hapa nyumbani sina wa kumuuliza, wote wako upande mmoja, na upande wenyewe ni ule wa kunifungia bafuni.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa binti mmoja, Seol-a. Niliolewa hapa Yeonpo nikitokea bara, kwetu besiboli ilikuwa kitu cha kwenye televisheni za watu wengine, na mwaka nilioolewa ndio mwaka aliofariki mama yangu mzazi, nikawa naamka, napika, naosha vyombo, nacheka na wageni, lakini machozi yamenijaa hadi kooni, na wewe Shangazi unajua, bibi harusi mgeni halii ovyo ndani ya nyumba ya wakwe. Aliyeniona ni baba mkwe. Ni mtu asiye na maneno, amechomelea vyuma vya meli maisha yake yote, na siku moja akasimama kwenye mlango wa jikoni akasema, "Mwanangu, vaa viatu. Twende tukawatazame Korongo."

Tukaenda uwanjani, kumbe Korongo ni timu ya besiboli ya hapa mjini, nikakuta watu wamesimama wanagonga fimbo za plastiki zilizojazwa upepo, kila mpigaji akiingia anaimbiwa wimbo wake, na Korongo wetu wanachapwa vibaya, watu wanapiga kelele, wengine wanalia kabisa, basi na mimi nikapiga kelele, nikalia, nikamlilia mama yangu palepale katikati ya umati na hakuna aliyegeuka kunitazama, maana shabiki wa Korongo akilia nani atamuuliza analilia nini? Baba mkwe akanipa kipande cha ngisi mkavu, akaendelea kutazama mpira. Shangazi, yule mzee aliniokoa, na sijawahi kumwambia.

Tangu hapo kila msimu tukawa tunakwenda sisi wawili, viti vilevile, upande wa kituo cha kwanza, akinifundisha kwa nini mrushaji ametazama nyuma, kwa nini huyu amekimbia na yule amebaki, na Korongo nao wakawa wanafungwa kila tukienda, kila tukienda, hadi wifi yangu Gyeong-ok akaanza kunitania, "Wifi, una gundu wewe! Wakikuona tu mikono inawalegea." Tulicheka wote. Ulikuwa utani.

Sasa msimu huu. Nilipata kazi ya jioni kwenye duka la dawa, miezi ya kwanza sikwenda uwanjani hata mara moja, na Korongo wakashinda. Wakashinda tena. Wakampata huyu mrushaji wa mkono wa kushoto, Pyo Dal-su, wakawa hawashikiki, timu iliyokuwa ikishika mkia mpaka watu wa miji mingine wakawa wanatuuliza kama tunajua kuna nafasi nyingine kwenye jedwali! Nikapata siku ya mapumziko nikaenda, wakafungwa siku hiyo hiyo. Basi sheria ikapita. Mume wangu akaniambia kwa adabu zote, "Mama Seol-a, nakuomba, kaa nyumbani." Nikakaa. Jioni moja nikapita sebuleni na sahani ya matunda, mpinzani akaupiga mpira wa Pyo ukatoka nje ya uzio, pointi zikawa zao, wote wakageuka kunitazama mimi. "Rudi! Rudi huko huko!"

Tangu siku hiyo mechi ikiwa ngumu mimi nakaa bafuni, nimegeuza beseni nimelikalia, na wifi anapiga simu kutoka kwake. "Wifi, uko bafuni?" Niko. "Umefunga mlango?" Nimefunga. "Ubarikiwe mama, usitoke, wamebaki wapigaji wao wawili tu wa kutolewa." Nakusikia unacheka, na mimi nilicheka, nisiseme uongo. Nimeusikia msimu mzima kupitia ukutani, nyumba jirani zikipiga vigelegele nami najua tumeshinda, nafurahi peke yangu. Msimu huu umetupa raha ambayo hatukuitarajia, wauza samaki sokoni wanasalimiana kwa jina la Pyo, mume wangu anaimba akipiga mswaki, nami namshukuru Mungu kwa kila ushindi. Hata supu ya mwani wifi aliipiga marufuku, eti inateleza, wachezaji wasije wakateleza, na siku ya kuzaliwa ya baba mkwe ikaangukia siku ya mechi, mzee akapewa supu ya figili. Na supu ya mwani ndiyo supu yetu ya siku ya kuzaliwa, ameinywa kila mwaka tangu alipozaliwa, Shangazi. Alikunywa ile ya figili hadi mwisho, akashukuru.

Imebaki mechi moja. Ni Jumamosi, hapa hapa kwetu, atakayeshinda anabeba kombe, na Korongo hawajawahi kulibeba tangu timu ianzishwe, wakati nywele za baba mkwe zikiwa bado nyeusi. Na macho yake yanakwisha. Daktari amesema mwakani huenda asiuone uwanja kabisa, hata sasa mpira ukipigwa anauliza, "Umekwenda wapi?" Jumapili akaingia jikoni akaweka tiketi mbili juu ya meza. "Jumamosi twende." Nikamwambia, "Baba, si unajua nina gundu?" Akanitazama kidogo. "Beba koti," akasema, "jioni kuna upepo." Akaenda zake.

Mume wangu alisikia, na tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Ananiambia, "Baba amelisubiri kombe hili maisha yake yote. Wakifungwa na wewe umekaa pale, utamtazama vipi usoni?" Wifi alikuja mbio akanishika mikono, "Nakupenda wifi yangu, sikufichi, lakini Jumamosi ugua. Hata mafua." Nami nikakubali moyoni, nikasema nitaugua, angalau nimlipe mzee wema wake kwa kombe. Halafu jana nikakutana na yule mama anayeuza kuku wa kukaanga kwenye lango la uwanja, akanishangaa, "Dada, umepotelea wapi? Baba mkwe wako msimu mzima anakuja na kofia yako anaiweka kwenye kiti cha pili, mtu akitaka kukaa anamwambia kina mwenyewe. Jirani ndiye anamshika mkono kwenye ngazi."

Nilirudi nyumbani nikalia. Shangazi, niende nimharibie, au niugue?

Ni mimi,
Mwenye Gundu, Yeonpo

* * *

Mwenye Gundu, kwanza toka huko bafuni nikuone vizuri.

Pole kwa mama yako. Najua ni miaka sasa, lakini kwa barua yako naona hukupewa pole ya kutosha, basi pokea yangu. Nimekusoma nikicheka mpaka mhariri akaja kuniuliza kuna nini, nilipofika kwenye ile kofia juu ya kiti, kicheko kikaniishia. Na usidhani unasemeshwa na mtu asiyejua uchungu wa Korongo. Wimbo wa Pyo nauimba nikimenya vitunguu saumu.

Sasa nikuseme kidogo. Mwanamke mzima, una mtoto, una kazi, unakalia beseni ili watu wasiokujua wakimbie vizuri! Korongo walifungwa ukiwepo kwa sababu walikuwa wanafungwa na kila mtu. Walifungwa nikiwa kwa msusi. Walifungwa nikiwa nimelala. Mwaka huu wamepata mrushaji, basi. Kama bafu lako ndilo linalorusha mpira, Pyo wanamlipa ya nini?

Mumeo simtukani sana, maana anaogopa kwa ajili ya baba yake na woga huo ni wa mapenzi. Lakini Baba Seol-a, najua unasoma hapa juu ya bega la mkeo: mtoto wa mzee ni wewe, na msimu mzima baba yako kapandishwa ngazi na jirani huku wewe unalinda mlango wa bafu. Kama lazima mtu akae bafuni Jumamosi, beseni lipo, kalia wewe. Na wewe wifi Gyeong-ok! Kumnyima baba yako supu ya mwani siku yake ya kuzaliwa kwa sababu ya mpira? Wacha nisiendelee, hili ni gazeti la watu wazima na watoto.

Nirudi kwako, mwanangu. Unataka kumlipa mzee wema wake, na hilo linakupa heshima. Lakini nani alikuambia anadai kombe? Huyu mtu amefungwa wewe ukiwa pembeni yake mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka akakata tiketi mbili. Mwaka alioshinda kuliko wakati wowote, alishinda akiwa amekaa na kofia. Nikuulize: Jumamosi Pyo akimaliza kazi na uwanja mzima ukaruka, mzee akauliza "umekwenda wapi?", kofia itamjibu?

Basi fanya hivi. Jumamosi asubuhi pika supu ya mwani, nzito, yenye nyama, sufuria kubwa, na kila mtu anywe mbele yako, wifi akiwa wa kwanza. Asiyetaka aende na njaa. Usiugue, wala usiage kwa kunong'ona, aga kwa sauti sebuleni. Ondokeni mapema kabla ngazi hazijajaa, na mkono umshike wewe. Ukikaa, mwambie kila mpira: umetoka wapi, umeangukia wapi, nani amekimbia, nani ameduwaa. Alikufundisha mchezo huu wote, sasa umrudishie kwa mdomo wako. Ngisi mkavu nunua wewe safari hii. Na lile neno ambalo hujawahi kumwambia, mwambie kabla ya mpira wa kwanza, kabla hamjajua nani atashinda, ili lisije likachanganyika na matokeo.

Wakishinda, pigeni kelele mpaka sauti ziwakauke. Wakifungwa, lieni wote wawili. Unaujua uwanja ule, hakuna atakayegeuka.

Na usiniambie tena kwamba hujui la kufanya. Ulimwambia mzee una gundu, akakujibu ubebe koti. Mimi sina jibu zuri kuliko hilo. Beba koti.

Shangazi yako,
Ok-bun