Tairi za Gramu Mia Sita

Jumatatu, 3 Machi

Nimepima tairi za baiskeli ya marehemu mume wangu kwa mizani ya unga. Gramu mia tisa na themanini kila moja! Ndiyo maana jana sikufika hata nusu ya mlima. Nilisukuma kama navuta ng'ombe asiyetaka kuvuka.

Jumamosi wenzake wa baiskeli wataandika jina lake la utani, Kobe, kwenye jiwe la kileleni. Nahodha wao kasema saa nne kamili, hawangoji mtu, jua kali. Shemeji, mdogo wake Kobe, anataka nipakiwe kwenye pikipiki. Sitaki. Kobe alipanda mwenyewe kila mwaka. Wa mwisho, lakini alifika.

Jumanne, 4 Machi

Duka la kwanza. Muuzaji kaniuliza baiskeli ni ya mtoto gani. Yangu! Akaniletea tairi nyembamba za lami. Nikasema nataka za mlimani, nyepesi. "Mama, ya mlimani na nyepesi, hao ni watu wawili tofauti." Nimerudi mikono mitupu, na lengelenge kisiginoni.

Jumatano, 5 Machi

Duka la pili. Boksi limeandikwa gramu mia sita. Nikatoa mizani yangu mkobani: mia saba na arobaini. Muuzaji akaja juu: "Dada, hapa hatuuzi nyanya!" Nikamjibu kwamba nyanya angalau hazijiandiki uzito wa uongo. Mteja mmoja akaangua kicheko. Mimi nikafunguliwa mlango, kistaarabu kabisa.

Nimelia njiani. Si kwa ajili ya tairi. Kobe alikuwa akisugua meno ya tairi zake kwa mswaki wangu; nikimgombeza, anasema si huu wa zamani? Haukuwa wa zamani.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa nyuma ya soko anazo! Kazipima mwenyewe mbele yangu: mia sita na kumi, mia sita na tano. Kaniminyisha ubavu wa moja. "Ngozi ya kitunguu hii. Kupanda utapaa, ila mawe yatakuonea. Funga nyepesi mbele, nyuma acha ile nzito. Huko ndiko unakokalia."

Nikasema zote mbili.

"Haya. Usije ukasema sikukwambia."

Ijumaa, 7 Machi

Kona ya tatu bila kushuka! Shemeji alikuwa akihema nyuma yangu. "Shem, leo umekula nini?"

Jumamosi, 8 Machi

Saa tatu na dakika arobaini na tano. Naandika nimekaa chini, kona ya tano. Jiwe limechana ubavu wa tairi ya nyuma, tyubu imetoboka. Ya nyuma! Mpasuko nimeuziba kwa kipande cha pakiti ya maziwa. Kiraka cha kwanza kimebanduka, sikungoja gundi ikauke. Cha pili nangoja.

Wote wamepita. Shemeji kabaki. Kasema nichukue baiskeli yake, nikamfokea, nikamwomba radhi. Kasema basi tupande kwa miguu, hii tuiache. Niiache hii kichakani?

Amempigia nahodha. Saa nne imefika, brashi imeshachovywa kwenye rangi. Nikasema amwambie aandike polepole. Shemeji kasikiliza, kanitazama.

"Anasema herufi zenyewe ni nne tu, shem."

Nimegusa gundi. Bado inanata. Juu huko wanapiga makofi, nawasikia simuni—eti K tayari. Nimeshika pampu.