Shoka ya Kaka Asukulu

Mujukuu wangu Amisi,

Salamu toka Baraka. Bibi yako angali anakohoa, lakini anakula. Unaniuliza: mwalimu wa gofu huko Kampala amekusogezea mpira mbele, amekukataza nguvu za mikono, na sasa unapiga vibaya kuliko zamani. Urudilie namna yako?

Gofu mi siijui. Najua shoka. Wakati wa vita tulitoroka kijiji chetu cha Lweba, tukapanda milima ya Fizi. Huko kaka yangu Asukulu aliniona napasua kuni kwa hasira, nguvu zote mikononi. Akasogeza kipande cha mti mbele, karibu na mguu wangu wa kushoto.

"Usiisukume shoka. Iache ianguke yenyewe."

Nikakosa mara nyingi, bamama bakacheka. Alipogeuka tu, nikarudilia namna yangu.

Siku moja alishuka Lweba kutafuta mihogo. Hakurudi. Tuliketi matanga bila maiti.

Katika ukoo wetu, kuni za matanga hupasuliwa na mudogo wa marehemu. Nikaweka kipande pale alipokuwa anakiweka, nikaacha shoka ianguke. Kikapasuka katikati, mara moja.

Nikageuka kumuonyesha.

Mwalimu wako angali yuko, Amisi. Kosa mbele yake.

Babu yako