Albamu Imetoka na Sauti Yako Imo

Yaya Exaucé, kaka yangu mkubwa,

Imetoka! Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na mengine nitalia, na leo sina muda wa kulia. Watu huanza barua kwa kumuuliza mtu hali yake. Yako naijua, nilikuwepo tulipokushusha kaburini, kwa hiyo naruka hapo. Imetoka, Yaya! Albamu ya kwanza ya bendi yetu, Buji, nyimbo tisa, dakika ishirini na sita, na hakuna hata wimbo mmoja unaomngoja msikilizaji akae vizuri.

Tumeiita Makelele ya Muchana. Aliyetupa jina unamkumbuka: yule mama muuza makala ya kupikia, jirani wa gereji ya Mjomba kule Mudzi-Pela, aliyekuwa akija kila Jumamosi mikono kiunoni. "Iyi makelele ya muchana iko ya nini? Mugonjwa atalala fasi gani?" Nimempelekea nakala ya kwanza kwenye clé ya USB. Anasema jina ni lake, kwa hiyo sisi sasa ni watoto wake, na watoto wake hawapigi ngoma siku ya Jumapili.

Lakini acha nikueleze ilivyokuwa, maana kidogo tukutoe ndani ya albamu yako mwenyewe.

Ulipotuacha, miezi kumi sasa, Gloire alificha gitaa lake la besi nyuma ya matairi akasema bendi imekufa. Mimi nikafunika ngoma zangu kwa turubai. Tulikuwa watatu tu, na aliyeondoka ndiye gitaa, ndiye sauti, ndiye aliyetuletea muziki wenyewe, siku ile ulipokuja na kadi ya simu imejaa nyimbo za watu wanaopiga gitaa kama wanagombana nalo, ukasema: "Mudogo, sikia. Tuongeze hapa sauti za kwaya." Ulikuwa mwanakwaya tangu utoto, lakini tangu hapo mchungaji hakukupenda tena, na Mama hakukanyaga gereji.

Kitu kimoja kilikuwa kinanikosesha raha: simu yako. Ndani yake mlikuwa na "Courant Imeenda", wimbo wako wa umeme kukatika, uliouimba kuanzia mwanzo hadi mwisho, sauti tupu bila vyombo, siku tulipojaribu kurekodi pale gereji. Vingine vyote ni vipande, unaanza, unacheka, unakata. Wimbo mmoja tu mzima, Yaya. Na simu ilikuwa ndani ya sanduku la nguo zako, ambalo Mama alilifunga kwa ufunguo siku ya mazishi. Vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaondolewe, familia ikae, kila mtu apewe chake. Miezi sita nimelala chumba kimoja na sanduku lile. Sikuligusa, ingawa ufunguo nilijua Mama anauficha wapi.

Siku ilipofika walikuja wote, hadi shangazi wa Mahagi-Port na samaki wake wakavu. Shati lako la kijani limekwenda Ariwara. Ilipofika zamu ya simu, binamu yetu wa Marabo alikuwa ameshanyoosha mkono. Mama akasema: "Iyo hapana. Iyo ni ya mudogo wake." Hakuniangalia, wala hakuuliza naitakia nini.

Tukaingia studio. Fundi wa pale anaitwa Patient, na subira hana hata kidogo. Umeme wake ni wa jua, kimya kabisa, hata nzi unamsikia. Gloire alipiga gitaa, kisha akapiga na besi, mimi nikapiga ngoma na kuimba. Nyimbo nane zilitoka motomoto! Nilijisikia nimekua, nakwambia kweli. Kisha tukafika kwa wako. Patient akaweka sauti yako juu ya gitaa letu, na ee Mungu wangu. Ilikuwa kama watu wawili wamebeba kitanda kimoja, mmoja anapita mlangoni, mwingine anapita ukutani.

"Marehemu alikuwa anaimba chini," akasema Patient. "Sauti haiko fasi yake." Akajaribu kuinyoosha kwa kompyuta, ikatoka sauti ya mtoto mwenye mafua. Basi akashauri niuimbe mimi, na wewe tukuandike kwenye shukrani. Gloire aliinamisha kichwa akakubali. Nami, naungama kwako, nilikubali. Nikasimama mbele ya maikrofoni, nikaimba mistari miwili kwa kuiga sauti yako, halafu nikaiacha maikrofoni nikatoka nje.

Nilikaa uani na hasira. Wewe, uimbe chini? Wewe uliyekuwa ukisimama nje ya kanisa, ukasikia sauti moja imeshuka, ukasema "tenor mumoya amelala"? Nikaweka simu sikioni na kwa mara ya kwanza sikusikiliza sauti yako. Nilisikiliza kilichokuwa nyuma yake. Vuuuu. Groupe ya Mjomba, ile jenereta kuukuu.

Yaya, nilipiga kelele hadi mke wa Patient akatoka na mwiko.

Maana hatukuwahi kuwa na chombo cha kulinganishia nyuzi. Ulitufundisha wewe: jenereta haichoki, shika sauti yake. Uzi mnene tuliukaza mpaka ukubaliane na ule mngurumo, na nyingine zikafuata. Tumefanya hivyo kila Jumamosi miaka mitatu, tukiamini bendi zote duniani zinafanya hivyo! Hukuimba chini hata kidogo. Uliimba sawasawa na groupe, na groupe ndiyo iliyokuwa chini ya dunia nzima. Na kule studio Gloire alikuwa amelinganisha gitaa kwa simu ya Patient, kama watu wenye akili.

Tukaifuata. Gloire alikuja nayo juu ya pikipiki akiikumbatia kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, na Mjomba akafuata kwa miguu, maana haamini mtu na mali yake. Tukaiwasha uani. Tukasikiliza. Haikuwa yenyewe! Ilikuwa juu kidogo. Patient akashika kichwa, akasema sasa tumemletea moshi wa bure. Mjomba aliketi juu ya ndoo, akacheka taratibu. "Iko tupu iyo. Haina kazi. Muipe kazi, itashuka."

Kweli, gereji ilikuwa ikibeba amplifaya, taa, na mashine ya kujazia matairi upepo. Tukachomeka amplifaya. Tukachomeka taa. Mashine ya upepo hatukuwa nayo, tukachomeka pasi ya mke wa Patient. Pasi ilipoanza kupata moto, mngurumo ukashuka, ukashuka tena, ukakaa. Gloire akalegeza nyuzi mpaka zikaufuata. Nikabonyeza simu.

Ulikaa mahali pako, Yaya. Pale pale. Nilikuwa napiga ngoma na machozi yanaingia mdomoni na bado nacheka. Tumerekodi mara moja tu. Ndani ya wimbo jenereta inasikika mwanzo hadi mwisho, na Patient sasa anamwambia kila mtu kwamba ni wazo lake. Mwache afurahi.

Jumamosi iliyopita tuliwafungulia watu albamu kwenye spika pale gereji. Walijaa hadi barabarani, vumbi lilipanda, yule mama wa makala akajifanya ndiye mlinda mlango. Wimbo wa tatu ulikuwa unaelekea mwisho nilipomwona Mama. Mama yetu, Yaya, ndani ya gereji! Amevaa kitenge cha kanisa, mkoba kifuani, amesimama katikati ya pikipiki zilizofunguliwa mashine. Niliogopa. Hakuwa ameisikia sauti yako tangu siku uliyotuacha, na sikuwa nimemwambia kitu. Ulipoanza wimbo wa nne na wewe ukaingia, Gloire alinyoosha kidole auruke.

"Mumuache aimbe," Mama akasema.

Alisimama hivyo hivyo dakika mbili na nusu. Ulipomaliza alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akatuangalia mmoja mmoja, akasema: "Kwaya ilimufundisha muzuri."

Basi! Makelele yote haya, na sifa zimekwenda kwa kwaya! Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mafuta, naye akacheka kwa kuniona nimechafua sketi. Sikuwa nimemsikia Mama akicheka tangu homa ile ikulaze.

Nimebakiza jambo moja. Miezi hii yote nilikuwa nakwenda nyuma ya nyumba na simu yako, peke yangu, nakusikiliza mara moja kwa siku, si zaidi, kwa hofu kwamba itaharibika na utakufa tena mkononi mwangu. Jana nilikuwa nafua. Akapita kijana wa pikipiki, simjui, naye hanijui, anaimba ubeti wako wa pili kwa sauti kubwa. Maneno amekosea. Tuni amekosea vibaya sana. Niliacha nguo ndani ya beseni nikasimama mpaka akapotea kwenye kona ya barabara. Mtu ambaye hakuwahi kukuona alikuwa na wewe mdomoni, na hakuwa na haraka ya kukumaliza.

Leo asubuhi simu nimempa Mama. Sikuisikiliza kwanza.

Kwaheri, Yaya. Nenda bila wasiwasi na sisi. Nitaendelea kuimba, na nakuahidi sitajaribu tena kuimba kama wewe. Wa kwako umeuimba mwenyewe, mpaka mwisho.

Mdogo wako,
Merveille