Njiti Ilipowaka, Asali Ilikuwa Imekufa

Kwako Mjomba,

Nimeandika habari kwa miaka mingi, na hii ndiyo kazi niliyoichelewesha kuliko zote. Ulistahili kuisoma ukiwa hai.

Nakumbuka siku uliyonipeleka kwenye mizinga yako kule Bodo, ndani ya mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa, tope hadi magotini, nawe umeshika kumbi la nazi linalofuka moshi. Kabla ya kufunua mzinga uliugonga mara mbili, ukasema, "Hodi, wenyewe."

Nikacheka.

"Cheka tu," ukaniambia. "Ninyi watu wa magazeti mmezoea kuingia bila hodi."

Ulikata masega, ukawaachia nyuki mawili. Asali ilikuwa nyeusi kama kahawa tungu, nyepesi, ikanichuruzika hadi kwenye kiwiko. Nilikuuliza mbona ni ya majimaji. Ukasema hewa ya huku ina maji, na nyuki wanavuta hewa hiyo hiyo.

Baadaye nikaandika makala kuhusu asali ya kughushi inayouzwa Diani. Watu walikuwa wakichemsha sukari na kuiita asali; hilo nililithibitisha. Lakini mwishoni niliongeza aya moja ya kumsaidia mnunuzi: chovya njiti ya kiberiti katika asali, kisha iwashe. Ikiwaka, asali ni safi. Isipowaka, au asali ikiwa nyepesi, umeuziwa maji. Niliambiwa hivyo na wenye maduka wawili, nikaona mashahidi wawili wanatosha. Sikumuuliza mkemia hata mmoja. Wala sikuikumbuka asali niliyoilamba kwenye kiwiko changu mwenyewe.

Yaliyofuata nilisimuliwa na binti yako, Mwanakombo. Mama Riziki, aliyekuwa akinunua asali yako kwa ajili ya duka lake la Diani, alikuja na kiberiti mkononi. Njiti haikuwaka. Ya pili haikuwaka.

"Mzee, mimi sikutuhumu. Gazeti limesema."

"Kama limesema, limesema," ukamjibu. Hukumwambia kwamba aliyeandika ni mwana wa dada yako.

Wiki hiyo uliinjika sufuria jikoni, ukaipika asali mpaka ikawa nzito. Ulikuwa hujawahi kufanya hivyo maishani mwako. Mama Riziki akarudi, njiti ikawaka, akaichukua yote akaipeleka kwenye hoteli moja. Hoteli ikaipima maabara. Majibu yakaja: asali imeunguzwa, vimeng'enya, vile viini nyuki wanavyoitia asali, vimekufa, na imejaa ile kemikali inayoongezeka asali inapotiwa moto. Ikakataliwa. Sokoni ukaitwa mzee wa asali ya kupika, wewe uliyekuwa ukiwaomba nyuki ruhusa.

Nilipokuja kukuona, hukunilaumu. Ulipokea shikamoo yangu, ukanikaribisha kitini, ukasema, "Iliwaka vizuri, mwanangu. Ungeiona."

Nikanywa chai yako, nikaaga.

Kesho yake ndipo nilipomtafuta mkemia. Alicheka kwanza. "Njiti inapima maji, ndugu yangu. Haipimi ukweli. Hata sukari ya kuchemsha ukiikausha vizuri, njiti itawaka."

Kwa hiyo nilijua, nawe ulikuwa hai. Masahihisho ni mistari minne katika ukurasa wa pili. Nimewalazimisha wenzangu wengi kuiandika. Yangu niliiahirisha. Kwanza uchaguzi, kisha mafuriko, kisha nikajiambia hakuna anayekumbuka. Wewe ulikumbuka mpaka siku ulipozikwa.

Baada ya khitma Mwanakombo alinipeleka mikokoni. Mzinga mmoja ulikuwa bado na nyuki. Aligonga, akapiga hodi kwa sauti yako kabisa. Chupa ya asali tuliyoipata humo niliipeleka maabara mwenyewe, bila kuitia moto. Ni asali halisi, maji yamezidi kidogo, vimeng'enya viko hai. Na zile kemikali za maua zinazoipa asali weusi wake, antioksidanti, zinazosaidia kuzuia chembe za mwili zisichakae, zimo tele kuliko katika asali nyeupe niliyoinunua dukani nikaipima pamoja nayo. Siandiki kwamba ni dawa ya kila kitu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema anayetibu maradhi yote kwa kijiko kimoja ni mwongo.

Karatasi ya majibu nilimkabidhi Mwanakombo. Aliisoma yote, akaikunja. "Ya Baba hii," akasema. "Ungemletea yeye."

Nina mistari minne tu, nayo ni hii:

Katika makala yetu kuhusu asali ya Diani tulisema kwamba asali nyepesi, au isiyowasha njiti, si safi. Si kweli. Asali ya mzee wa Bodo ilikuwa safi mpaka alipoipika kwa sababu yetu. Aliyekosea ni mwandishi.

Lala salama, Mjomba.

Mpwa wako,
aliyeingia bila hodi