Khamisi, Kampala Hatukufika

Khamisi,

Salamu sikupi. Kwanza nina hasira na wewe, na nimekaa na hasira hii tangu msimu uishe mpaka nimechoka kuibeba peke yangu. Kapteni gani anakufa katikati ya msimu? Jumatano ulikuwa uwanjani unatufokea kama kawaida yako, "Mutu nyuma! Mutu nyuma!" Kufika Jumamosi homa ya uti wa mgongo ilikuwa imekumaliza pale hospitali, na mimi nimesimama nje na viatu vyako vya mpira mkononi, kwa sababu hakuna aliyejua tuvipeleke wapi. Hata kuaga hukuaga. Ulisema tu kichwa kinauma, ukaenda kulala.

Basi nisikilize. Leo huna pa kukimbilia.

Kitanda chako bwenini amepewa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kijana kutoka mji wa Moyo, anakoroma kama mashine ya kusaga. Mpira wetu ule wa ngozi umepasuka, maana ni wewe tu uliyekuwa na subira ya kuupaka mafuta ya moyao, yale ya kokwa za porini, kila Jumapili. Wengine tulikuwa tunakucheka, tunakuuliza kama ni mpira au ni bibi harusi. Sasa umekauka, ukiupiga kichwa unaona nyota. Na jezi namba tano wamenipa mimi. Sikuomba. Mwalimu Ondoma alinirushia tu, akasema, "Anguyo, kuanzia leo wewe ni beki wa kati, na wewe ni kapteni." Mimi! Mtu wa pembeni, mtu wa kukimbia na mstari, unajua mwenyewe nilivyo. Beki wa kati lazima asimame, aone, apange watu. Mimi kusimama siwezi. Ilibidi nijifunze mbele ya watu, wakizomea.

Lakini tuliendelea kushinda, usifikiri tulikunja mkeka. Tulishinda vibaya, tulishinda kwa jasho na kwa bahati, lakini tulishinda. Lado alikuwa anafunga kila mechi. Yule Lado wetu mkimbizi, ambaye ulimtoa kwenye timu ya kambini ukamleta chuoni ukisema, "Huyu mutu iko na miguu ya moto," alilia siku tatu ulipokufa, halafu akaingia uwanjani akawa kama ametumwa. Ikabaki mechi moja tu. Tukishinda ile, tunakwenda Kampala kucheza na vyuo vya nchi nzima.

Na Kampala ni wewe uliyetutia kichwani. Sisi wengine tulikuwa tunacheza tu ili tutoroke darasa la saikolojia. Wewe ndiye uliyekaa pale kwenye nyasi, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, ukatuambia kwamba tangu turudi kutoka Zaire watu wa kule chini Kampala wakisikia West Nile, huku kwetu, wanaona bunduki tu. Wakisikia Koboko, kwao yule rais askari aliyepinduliwa, ndiyo kabisa. Ukasema unataka wakae kwenye viti vyao, walipe kiingilio, watuone tumevaa kaptula, tunacheza mpira kama watoto wa watu. Ulisema hilo tu. Baba yako alikuwa askari, baba yangu alikuwa mpishi wa askari, wote wawili walivuka mpaka na sisi mgongoni, na mimi nilikuwa sijawahi kufikiri jambo hilo mpaka uliposema. Kuanzia hapo nilikuwa naitaka Kampala kuliko cheti cha ualimu.

Sasa sikia balaa. Ratiba ilipobandikwa, mechi ile ya mwisho ikaangukia siku ya arobaini yako.

Nilikwenda kwa Mwalimu Ondoma mbio. Nikamwambia, mwalimu, siku hiyo nyumbani kwa kina Khamisi, kule kijijini Dranya, kuna dua, wametuita timu nzima, hatuwezi kukosa. Akaniambia ratiba ni ratiba. Nikamwambia basi tuombe isogezwe siku moja. Akaniambia wapinzani wanatoka ng'ambo ya Nile, lori lao limeshakodiwa, nani atawalaza, nani atawalisha? Nikakaa nje ya ofisi yake nimeshika tama. Wenzetu wakagawanyika. Wengine wanasema marehemu mwenyewe angetaka tucheze. Wengine wanasema mtu mliyekula naye sahani moja, mama yake amewaita kwenye arobaini, halafu mnakwenda kupiga mpira? Lado hakubishana na mtu. Alisema kwao ukikosa kula chakula cha matanga ya ndugu yako, miguu yako inakusuta.

Mwisho Mwalimu Ondoma akapata akili yake ile ya kisomi. Tufanye yote mawili! Dua ni asubuhi, mechi ni saa kumi. Tunaondoka hapa Arua alfajiri na lori la tumbaku, tunafika Dranya, tunaomba, tunatoa pole, saa sita kamili tunapanda lori, saa nane tuko Arua tunapumzika. Akatuchorea ubaoni na chaki. Njia nzima alikuwa anapiga kelele kule mbele kwa dereva, tai shingoni, vumbi mpaka kwenye kope: "Saa sita ni saa sita! Hata kama sufuria iko jikoni, tunaondoka!" Na sisi nyuma tunaitikia, ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu.

Khamisi, hukuwahi kutuambia mama yako ni mtu wa namna gani.

Dua ilisomwa vizuri. Sheikh hakurefusha. Sisi Wakristo tulikaa kwenye mikeka na nyinyi Waislamu, tukainua mikono, kila mtu na lugha yake, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nilisikia kifua kimelegea kidogo. Baba yako alisimama akatutambulisha mmoja mmoja kwa wajomba zako, majina anayajua yote, hata ya wachezaji wa akiba. Ulikuwa unawaambia lini mambo yetu hayo? Ilikuwa saa tano na kitu. Nikamwangalia Mwalimu Ondoma, akanipa ishara na macho, kwamba baada ya maji ya kunywa tunaaga.

Hapo ndipo mama yako akatoka jikoni. Akatuangalia, akaanza kuhesabu vichwa na kidole, akashika kiuno. Kumbe alifikiri watakuja watu watano au sita. Akageuka akaita kwa sauti, "Leteni mbuzi ingine!"

Mbuzi mwingine, Khamisi! Mzima, amesimama, anakula majani!

Nilimsogelea Mwalimu Ondoma nikamnong'oneza, mwalimu, sema kitu. Akasimama. Akarekebisha tai. Akafungua mdomo. Mama yako akaja na birika la maji ya kunawa, akapiga magoti mbele yake pale kwenye vumbi, akasema, "Mwalimu wa mtoto yangu, mimi sikupata kukupikia akiwa mzima. Leo utakula." Na yule mwalimu mwenye chaki, mwenye saa sita ni saa sita, akaketi, akanyoosha mikono akanawishwa. Nikajua tumekwisha.

Ungekuwa wewe ungesemaje? Hebu niambie. Ungemwambia mama aliyefiwa, siku ya arobaini, kwamba samahani, tuna haraka, tuna mpira? Hakuna aliyethubutu. Lado alitutazama wote, akaweka kidole mdomoni. Tukakubaliana. Mama yako hakujua kama siku ile kuna mechi, na hakuna mtu angemwambia.

Basi tukala. Tulikula ugali wa mhogo na mtama, tukala wali, tukala kuku waliotangulia, tukamsubiri mbuzi, tukala mbuzi. Kila sahani ikipungua, mama yako anaiona, anaijaza. Mwalimu Ondoma alikula kuliko wote, na jasho linamtoka, sijui ni la pilipili au la saa. Halafu ilipofika zamu yangu, mama yako akauliza, "Nani anakaa mahali ya Khamisi?" Wote wakaninyooshea kidole, wasaliti. Akaingia ndani akaleta sahani nyingine, imefunikwa, nyama yote ya mguu, akaiweka mbele yangu pembeni ya ile yangu. "Basi utakula na ya kwake."

Alikaa chini akinitazama. Hakulia. Alikuwa anaangalia mkono wangu ukitoka sahanini kwenda mdomoni, ukirudi, na midomo yake inachezacheza kama mtu anayemlisha mtoto. Nilikula, Khamisi. Nilikula mpaka mfupa ukawa mweupe. Machozi yalinitoka nikasema ni pilipili.

Tuliondoka saa nane, saa tuliyotakiwa kuwa Arua tumelala. Dereva alikimbiza lori mpaka nikafikiri tunakuja kwako moja kwa moja. Tulivaa jezi humo humo nyuma, tukigongana vichwa. Tunaingia uwanjani, wapinzani wameshapasha miili, refa anatazama saa, na watu wa Mvara, mtaa wetu wa chuo, wamejaa pande zote mpaka kwenye mistari, wamekuja kutuona tukienda Kampala.

Lado alifunga mapema. Wallahi alifunga, kichwa safi kutoka kwenye kona, na kwa muda nikafikiri labda Mungu naye alikuwepo Dranya akaona. Halafu tumbo likaanza kudai haki yake. Kwanza golikipa, aliinama kuokota mpira akachelewa kuinuka. Halafu viungo wetu wakaacha kukimbia, wanatembea kama wazee wanaotoka sokoni. Wapinzani wakasawazisha. Lado akatapika nyuma ya goli lao, akafuta mdomo na jezi, akarudi. Mimi nikawa nasema moyoni tu, sare, Bwana, tupe hata sare, tutarudiana.

Dakika za mwisho fowadi wao mmoja mdogo, mwembamba, sijui kama alikuwa amekula tangu jana, akapokea mpira katikati akanijia. Mimi na yeye tu. Kazi yako hiyo. Wewe ungempeleka pembeni taratibu, ungemsubiri achoke. Nilijua la kufanya, Khamisi, akili ilijua! Nikageuka, na miguu ikakataa. Nilikuwa nimebeba chakula cha watu wawili. Akanipita upande wa kulia, akafunga, akaenda kupiga magoti mbele ya watu wake. Refa akapuliza kipenga hata hatujaanza tena vizuri.

Mkuu wa chuo alipouliza, Mwalimu Ondoma alisema ni refa. Nilikuwa nimesimama pale pale. Alisema refa alipendelea, na akaapa. Nilitaka kucheka nikashindwa, nikatamani nimpige, nikashindwa pia, maana mimi ningesema nini? Kwamba tulishindwa na mbuzi? Kwa hiyo chuo kizima kinamtukana refa wa watu asiye na hatia, na wale wengine ndio waliokwenda Kampala, wakafungwa mechi ya kwanza, bure kabisa. Sisi tungeshinda ile. Najua tungeshinda. Kila nikifikiri hapo nakasirika upya. Nakasirikia ratiba, namkasirikia Ondoma na chaki yake, nawakasirikia mbuzi, nakukasirikia wewe. Kama ungekaa hai wiki chache tu, kusingekuwa na arobaini ya mtu. Unaona? Kosa ni lako. Nimekaa nikatafuta wa kulaumu mpaka nimemaliza watu wote, na mama yako peke yake ndiye siwezi kumweka kwenye orodha.

Sasa kitu kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Juzi dereva wa lori la tumbaku amepita chuoni, ameniletea ujumbe kutoka kwa mama yako. Habari zimemfikia kwamba hatukwenda Kampala. Hakuambiwa ni siku gani tulicheza, anajua tu kwamba tulifungwa. Dereva alikuwa anajikaza asicheke, nikaona anatazama chini. Anasema mama yako alisikitika sana, akapiga mapaja, akasema, "Mimi niliona siku ile. Ile watoto iko wembamba sana. Chuo hapana lisha wao. Ni njaa ndiyo imewafunga." Na amesema msimu ujao, kabla ya mechi kubwa, twende kwake kwanza. Amekwisha kufunga mbuzi wawili kamba, anawanonesha. Mmoja ni wa timu nzima, mwingine ni wa namba tano.

Dereva akacheka mpaka akashika mlango wa lori. Mimi nikaingia darasani tupu nikafunga mlango, na nikalia vile ambavyo sikulia makaburini, mpaka kifua kikauma. Kwa sababu alisema msimu ujao. Sikuwa nimefikiri kwamba kuna msimu ujao.

Basi nimekwisha kukufokea, nimepungukiwa na maneno. Likizo ikifika nitakwenda Dranya. Nitawapeleka wote, na Lado, na hata Ondoma na tai yake, na tutakula kila atakachoweka mbele yetu. Kuhusu tarehe za mechi niachie mimi, safari hii nitakwenda kwenye kikao cha ratiba mwenyewe na sitatoka mpaka wanisikie. Na nakuahidi kwamba kutoka mdomoni mwangu mama yako hatasikia kamwe ni siku gani tulicheza.

Kaa kwa amani, ndugu yangu. Na siku yake ikifika, Mungu aicheleweshe sana, akija huko kwako akakuuliza ni nini kilitunyima Kampala, umwambie ni njaa.

Anguyo