Kanzu za Wanormani

Dada yangu Mwatumu,

Huku ugenini, mtaani Doornfontein, baridi imeanza, na cherehani yangu bado nzima. Wiki hii nashona kanzu za Wanormani kwa mchezo wa kuigiza wa shule. Mwalimu kanieleza kwamba zamani hao watu walivuka bahari, wakaiteka Uingereza, wakaandika daftarini kila ng'ombe na kila shamba. Wenyeji wengi hawakufukuzwa. Walibaki palepale walipozaliwa, lakini kama wapangaji wa wageni. Nikacheka, dada, mpaka sindano ikanichoma.

Hapa usimsomee mama. Jengo letu limetekwa na wanaume tusiowajua. Wanaingia vyumbani bila hodi, wameandika vitu vyetu vyote, na ufunguo wa geti wanao wao. Anayetaka kuhama anaambiwa aache kila kitu, nami bila cherehani nitakula nini? Kwa hiyo binti yako asije mwaka huu. Mwambie mama yake mdogo kazi zimembana.

Jana nilirudi na mkate, nikajikuta napiga hodi kwenye mlango wa chumba changu mwenyewe.

Sauti ya kiume ikaitikia, "Karibu."

Mdogo wako,
Mayasa